Mikebe ya Mwandawiro

Ukifika Mraru, kule Taita, leo ukauliza kwa Mwandawiro, utaulizwa ni Mwandawiro yupi. Sema wa mikebe, na hata mtoto anayechunga mbuzi atakunyooshea kidole. Mikebe yenyewe haipo tena. Jina ndilo lililobaki, na mwenyewe siku hizi hulipokea akiwa ameinamisha kichwa.

Zamani hakuinamisha. Shamba lake liko upande wa chini, ule unaopakana na pori, na kila mwaka mahindi yanapokaribia kukomaa ndovu huja kula bila kuomba. Watu walikuwa wakikesha, wakichoma matairi, wakipiga madebe mpaka viganja vikaota malengelenge. Mwandawiro akaona huo ni utumwa. Alizungusha waya shamba zima, akatundika mikebe: ya maziwa ya unga, ya mafuta ya kupikia, ya rangi, kila mmoja na kokoto zake ndani, na kwenye pembe akaning'iniza vipande vya mabati ya zamani. Ndovu akigusa waya upande mmoja, shamba lote lililipuka kwa kelele. Aliyelala fofofo aliruka, na ndovu naye alifikiri mara mbili.

Majirani walikuja kujifunza. Wa kwanza alikuwa Munyoki, Mkamba aliyehamia hapo na familia yake kutoka Kibwezi. Alifunga yake mkebe kwa mkebe, mpaka mashamba mawili yakawa yanaitikiana.

"Nyinyi Wataita mna akili," Munyoki alimtania, "ni vile tu mnaificha."

"Na nyinyi mna macho," Mwandawiro akajibu. "Ndiyo maana hata tukiificha mnaiona."

Mwandawiro alikuwa mtu wa sauti. Miaka mingi aliyokuwa nyapara katika mashamba ya mkonge ilimzoesha kusema na mtu aliye mbali, na hata aliporudi nyumbani hakujua kusema na aliye karibu. Alipenda kusimulia jinsi alivyowahi kusimama mbele ya ndovu na jembe moja mkononi. Mkewe, Margaret, alikuwa na desturi ya kuondoka kwenda jikoni hadithi hiyo ikianza, kwa sababu kila mara ndovu alikuwa ameongezeka ukubwa.

Lakini kulikuwa na hadithi nyingine ambayo Mwandawiro hakuisimulia. Baba yake alifia katika stesheni ya Voi, mchana kweupe, akiwa amekaa juu ya gunia lake akisinzia. Treni ilipiga honi, mzee akashtuka, akaanguka, basi. Hakuwa mgonjwa. Watu wakasema treni imemtisha mtu mpaka akafa, na ingawa walikuja kulia matangani, wengine walirudi kwao wakicheka njiani. Mwandawiro alikuwa mdogo lakini masikio yake yalikuwa makubwa. Alivisikia vicheko hivyo, akaapa kwamba nyumbani kwake yeye hakutakuwa na mtu wa kuitwa mwoga.

Ndipo Mungu akampa Immaculate.

Alikuwa mtoto wa pili, baada ya Derrick. Msichana mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye kucheka mpaka akakaa chini. Hakuwa na ila, isipokuwa moja. Siku moja shuleni, akiwa darasa la sita, mwenzake aligonga kile kipande cha reli kilichotumiwa kama kengele, Immaculate akiwa amekipa mgongo. Akaanguka kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Walimu wakammwagia maji, akazinduka, akaona haya. Mwaka uliofuata kifuniko cha sufuria kilidondoka jikoni alipokuwa amejinyoosha mkekani. Akainuka, akazimia.

"Huyu mtoto ni mgonjwa," Margaret alisema.

"Mgonjwa wa nini? Anakula, anaimba, anapanda kilima akirudi. Huo ni woga, Mama Derrick. Na woga una dawa."

Dawa aliyoijua Mwandawiro ni mazoea. Akamhamishia Immaculate katika chumba cha mwisho, kile ambacho dirisha lake lilitazama waya. Na jioni jioni, msichana akiwa amekaa na vitabu vyake, baba alikuwa akinyata mpaka kwenye ua na kuutikisa waya ghafla. Mikebe yote ililia. Immaculate aliruka, akaweka mkono kifuani, akatulia kidogo, kisha akachungulia dirishani huku akijilazimisha kutabasamu.

"Sawa, baba. Nimeshazoea."

"Hapo sasa!" baba alisema, akafurahi kwelikweli. Alimpenda mwanawe. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri vingine.

Alfajiri moja ya Januari, mahindi yakiwa yamejaa punje, ndovu waligusa waya. Kelele ilikuwa ile ile ya siku zote. Margaret alisikia miguu ya Immaculate ikigonga sakafu, kisha akasikia kishindo kizito. Mwandawiro alikuwa ameshatoka mbio na tochi na debe lake. Alipopita kwenye mlango wa chumba cha mwisho alimwona binti yake amelala kizingitini, uso chini.

"Inuka, Imma! Njoo tuwafukuze!" akasema, akapita.

Aliwafukuza. Siku hiyo hawakuharibu hata mstari mmoja wa mahindi. Aliporudi akihema, akitaka kusimulia, alimkuta Margaret ameketi sakafuni na kichwa cha mtoto mapajani, na hapakuwa tena na la kusimulia.

Walimzika hapo hapo nyumbani, kando ya mti wa mparachichi, kama ilivyo desturi. Ulipofika wakati wa mzazi kusema neno, Mwandawiro alisimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumlaumu, akamwona aliye karibu zaidi, yule aliyekuwa jenezani. "Mwanangu ameuawa na hofu," alisema kwa sauti yake ile ya mkonge. "Nilijaribu kumfundisha, sikuwahi kumaliza. Wazazi, wafundisheni watoto wenu ujasiri mapema." Kasisi alitazama viatu vyake. Wanawake waliacha kulia.

Margaret aliwapakulia waombolezaji chakula kama kawaida. Ila tangu siku ile hakumwita tena Baba Immaculate, jina ambalo alimwita kila alipokuwa amefurahi naye. Alimwita Baba Derrick, na kitindamimba wao alipokua akamwita Baba Cynthia. Jina la katikati aliliruka. Mahindi ya mwaka ule yalivunwa, yakasagwa, yakapikwa, na yeye hakuonja hata tonge. Alikula viazi vitamu mpaka mahindi yakaisha ghalani.

Miaka ikapita juu ya nyumba hiyo, na mikebe ikaendelea kulia kila msimu. Cynthia, aliyekuwa mtoto wa kubebwa mgongoni siku ya mazishi, akafika kidato cha pili. Alikuwa mfupi na mbishi, hafanani na dada yake hata kidogo, na labda ndiyo sababu hakuna aliyemwogopea.

Jumapili moja mwaka jana, baada ya kanisa, Cynthia alijilaza kwenye kochi akapitiwa na usingizi. Simu ya mama yake ilikuwa kwenye mto, karibu na sikio. Ikaita. Cynthia alikaa wima, macho yakageuka, akaanguka pembeni, midomo ikaanza kugeuka rangi. Margaret alimrukia, akampigapiga kifua, akamwita kwa majina yote, la ubatizo na la nyumbani. Mtoto akavuta pumzi kwa sauti, akafungua macho.

"Mum, kwani nini? Mbona unalia?"

Mwandawiro alikuwa mlangoni. Alifungua kinywa kusema neno, pengine lile lile la woga, lakini Margaret alimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kuliona katika ndoa yao.

"Useme hilo neno," alisema polepole, "uone."

Akalimeza. Kesho yake Margaret hakumwomba ruhusa mtu. Alimshika Cynthia mkono wakaenda Voi hospitalini.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana aitwaye Koki, mwenye kuuliza maswali bila haraka. Alimlaza Cynthia, akambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya vilima na mabonde. Aliitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliwahi kufa ghafla, bila kuugua?"

Margaret akasimulia yote: reli ya shule, kifuniko, waya wa jioni, alfajiri ya Januari. Na babu wa stesheni pia, kwa kuwa hadithi hiyo mumewe alimnong'onezea wakati mmoja, wakiwa bado wachumba. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nataka kumwona baba yao," alisema.

Mwandawiro alikuja siku iliyofuata amevaa koti. Alivua shati mwenyewe, akajilaza, akamwambia daktari kwamba moyo huo ni wa chuma, awe mwangalifu mashine isije ikaharibika. Daktari akacheka kidogo. Karatasi ilipotoka, hakucheka tena. Aliiweka mezani kando ya ile ya Cynthia.

"Mzee, moyo unaendeshwa na umeme kidogo. Kila unapopiga, unahitaji muda wa kujichaji kabla ya pigo linalofuata. Angalia hapa. Hiki kilima kidogo cha pili ndicho kinaonyesha umemaliza kuchaji. Kwa Cynthia kinachelewa. Sauti ya ghafla ikija, hasa mtu akiwa amelala au ametulia, pigo lingine linaweza kuingia kabla moyo haujawa tayari. Ukivurugika hivyo unatetemeka tu, hausukumi damu. Mtu anaanguka. Wakati mwingine unarudi wenyewe. Wakati mwingine haurudi."

"Na hii nyingine?" Mwandawiro aliuliza, ingawa aliona. Vilima vilifanana.

"Hii ni yako."

"Mimi sijawahi kuanguka, daktari. Hata siku moja. Nimesimama mbele ya ndovu."

"Najua. Wengi wenye hali hii huzeeka bila kuanguka, na hatujui vizuri ni kwa nini. Si ushujaa, mzee wangu. Ni bahati." Akafikiria jinsi ya kulisema. "Wewe ni mkulima. Tuseme mfukoni una mbegu mbili. Moja uliachiwa na baba yako, moja na mama yako. Moja nzima, moja imetobolewa na dumuzi. Kila unapomzaa mtoto unatia mkono mfukoni, unatoa moja, unampa. Huoni na huchagui. Mmoja atapata nzima, mwingine atapata iliyotobolewa. Baba yako pia alikupa wewe bila kujua."

Alimtaka Derrick naye apimwe. Akasema Cynthia atatumia dawa ya kuutuliza moyo kila siku, bila kuruka, na naye Mwandawiro vilevile. Zipo dawa nyingine, hata za kawaida za dukani, ambazo kwa mioyo yao ni sumu, kwa hiyo wasinunue chochote bila kuuliza. Simu isilale chumbani. Msichana asiamshwe kwa kelele. Margaret aliyashika yote. Mwandawiro alishika moja tu.

"Kwa hiyo yule mwingine," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata daktari akasogea, "yule aliyetangulia. Hakuwa mwoga?"

"Siwezi kumpima leo, mzee. Lakini kwa haya niliyoambiwa, sidhani ni woga. Kila mtu hushtuka. Wewe uliposhtuka moyo wako ulikusamehe. Wake haukumsamehe."

"Nilikuwa natikisa waya," Mwandawiro alisema. "Jioni. Ili azoee."

Daktari Koki alizisukuma zile karatasi kando. Akamshika mkono.

Mume na mke walirudi nyumbani. Walipofika kwenye mparachichi Margaret alisimama.

"Nilikwambia ni mgonjwa," alisema. "Ukanyamazisha kila mtu. Halafu ukasimama hapa, mbele ya watu wa kanisa, ukamwaibisha akiwa kwenye jeneza. Ulimzika mara mbili, wewe. Mara ya kwanza ningeweza kukusamehe, maana hukujua."

Mwandawiro alivua koti. Alichukua koleo la kukatia waya akaenda kwenye ua. Alianza pembe ya juu. Kila mkebe aliukumbatia kwanza, akaubana kifuani ili kokoto zisilie, ndipo akakata, akainamisha, akazimwaga kokoto taratibu kwenye kiganja. Kazi iliyopaswa kuisha mara moja ikachukua siku nzima na nyingine. Cynthia alitoka akasimama kumtazama.

"Daddy, na ndovu je?"

"Waache wale."

"Niko sawa, mimi. Msinifanye mgonjwa."

"Wewe si mgonjwa. Wewe ni mtoto wangu," alisema, na alipomwona anavuta waya karibu na mkebe uliobaki, alimrukia akamshika mkono kwa nguvu mpaka msichana akashangaa.

Ilibaki mikebe ya Munyoki. Kelele haijui mpaka, na nani alijua hilo kuliko aliyeitengeneza? Mwandawiro akaenda kwa jirani yake, akamkuta anapepeta pojo.

"Nimekuja kukuomba ufanye jambo baya," alisema.

Munyoki alisikiliza, ungo ukiwa magotini. "Jirani, nina watoto wanaokula," alisema mwishowe. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Sasa uje uniambie nifungue mlango?"

Ndipo Mwandawiro akamweleza yote. Mbegu mbili za mfukoni, baba yake wa stesheni, waya wa jioni. Akamweleza na yale aliyoyasema kaburini, kana kwamba Munyoki hakuwepo, ilhali ndiye aliyechimba kaburi hilo.

"Siku ile hukusema vizuri," Munyoki alisema.

"Ulijua nimekosea?"

"Sote tulijua, mzee. Ila nani angekwambia? Ulikuwa na sauti kubwa."

Kesho yake alikuja na koleo lake. Hakutania. Walikata pamoja, na walipomaliza wakafunga vitambaa vilivyolowekwa kwenye oili chafu na pilipili ya kusaga, kama watu wengine wanavyofanya. Ndovu wengine huiheshimu pilipili. Wengine huiona kachumbari.

Derrick, anayefanya biashara ya ndizi Taveta, alipimwa, na kilima chake hakikuchelewa. Alilia aliposikia, na si kwa furaha. "Mbona mimi?" alimwuliza mama yake. Margaret akamwambia mkono uliingia mfukoni tu, mwanangu, ukatoka.

Mwandawiro alianza kumeza dawa. Kila asubuhi alimwamsha Cynthia kwa kukaa ukingoni mwa kitanda na kumgusa bega, akingoja. Alijifunza kufunga mlango bila kuubamiza. Alijifunza kuita mtu kwa kumwendea alipo. Wageni walidhani ameugua koo. Lakini kwenye mparachichi hakusimama. Alipita mbali, na Margaret alimwona anapita mbali, na bado aliendelea kumwita Baba Cynthia.

Januari ikarudi.

Mwandawiro alitoka nje alfajiri, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unaanza, akawaona. Walikuwa ndani tayari. Vitambaa vya pilipili vilikuwa vimekanyagwa matopeni, na ndovu watano au sita walikuwa katikati ya mahindi, wakila bila haraka. Kifua chake kikajaa hewa. Ile sauti ya nyapara ilikuja yenyewe mpaka kooni. Debe lilikuwa pale pale ukutani. Na dirisha la Cynthia lilikuwa wazi, mtoto amelala.

Akaitoa ile hewa polepole, kama alivyomwaga zile kokoto.

Mama yake Mwandawiro, kabla hajabatizwa, alikuwa akifanya kutasa. Mtu mwenye hasira na nduguye aliingiza maji kinywani, akayapuliza nje, na kwa maneno aliyotamka hasira ikatoka moyoni. Mwandawiro ni mzee wa kanisa na hakuwahi kuyafanya hayo. Alichota maji kwa kata kwenye mtungi wa mlangoni, akaenda hadi kwenye mparachichi, akapiga magoti. Akapuliza maji juu ya kaburi.

"Imma," alisema kwa sauti ya mtu anayeamsha mtoto. "Nilikukasirikia kwa kufa vile. Hasira hiyo naitoa. Moyo uliokuua ni wangu, nilikupa mimi. Hukuwa mwoga. Kila jioni ulikuwa unajua nitakuja kutikisa, na bado ulikaa pale, ukaniambia umezoea. Mimi nisingeweza." Alichukua maji mengine, akapuliza. "Na kama wewe una hasira na mimi, usiitoe. Ni haki yako."

Hakumsikia Margaret akija. Alikuwa amesimama nyuma yake na leso mabegani, akitazama shamba, mahindi ya mwaka mzima yakiisha mbele ya macho yake. Kisha akamgeukia yeye.

"Baba Immaculate," alisema.

Mwandawiro aligeuka. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kidevuni.

"Inuka. Umande utakuumiza magoti."

Akamshika mkono, naye akainuka. Walisimama hapo wawili, wakisikiliza mabua yakivunjika, mpaka Cynthia alipoamka mwenyewe.